Baba Anasema Gari Lina Mafua

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, na kwanza naomba usinicheke, kwa sababu swali langu ukilisikia juu juu utasema ni la kumuuliza fundi wa magari, si wewe unayejibu watu wa ndoa na mirathi, lakini fundi ndiye aliyenifikisha hapa nilipo na sina tena mtu wa kumuuliza ambaye hataishia kuniuzia kitu.

Mimi ni mtu mzima, nina mke na watoto, nachapa vibao na stika kwenye duka la mlango mmoja kando ya barabara, na nina gari dogo lenye turbo, yaani kile kifeni kinachoisukumia injini hewa ili gari dogo lipate nguvu ya gari kubwa. Gari hilo tulilichagua mimi na baba. Baba alikuwa dereva wa mabasi hadi alipostaafu, na siku tuliyokwenda kulitazama hakuuliza limetoka mwaka gani wala hakujali mikwaruzo ya mlangoni, aliinamisha sikio kwenye boneti likiwa linaunguruma, akakaa hivyo mpaka muuzaji akaanza kuona haya, kisha akaniambia, "Hili linapumua vizuri," na huo ndio ulikuwa mjadala wetu wote, maana mimi na baba hatukuwahi kuwa watu wa maneno, tukikaa pamoja tulikuwa tukizungumza habari za breki na matairi na ndiyo ilikuwa salamu yetu na ndiyo ilikuwa kuulizana hali.

Sasa baba ana ugonjwa wa kusahau. Ulianza na majina ya wajukuu, ukaenda kwa majirani, na mwaka huu umelifikia jina langu na uso wangu. Anaishi na dada yangu mkubwa, nyumba ya pili baada ya kona yenye karakana ya kuchomelea mageti, na nikiingia pale kwa miguu ananikaribisha vizuri sana kama mgeni, anamwambia dada amletee huyu bwana kiti. Lakini gari, mshauri, gari alilijua. Nikikata ile kona turbo ilikuwa ikitoa mluzi mwembamba wa chini, kama mtu anayepuliza chai apate kuinywa, na dada anasema kabla hata pua ya gari haijaonekana baba alikuwa keshashika fimbo na keshasimama, anasema, "Mwanangu huyo." Akishakaa kiti cha mbele nilikuwa mwanawe mpaka tunarudi. Ananiita kwa jina, ananigombeza nikichelewa kubadili gia, ananiuliza kama mke wangu ameacha kukohoa, kikohozi cha miaka ile, lakini ni cha mke wangu kweli. Nje ya gari mimi ni mgeni, ndani ya gari mimi ni mtoto wa mtu.

Na hivyo ndivyo tulivyokuwa tukimpeleka kliniki, kwa sababu ana sukari na ana kidonda kwenye unyayo ambacho lazima kisafishwe, na hakubali kwenda na gari jingine lolote duniani.

Kosa langu lilianzia kwa wateja. Wanaokuja kubandika stika wengi ni wenye magari ya turbo kama langu, wana kikundi chao, Jumapili wanakutana kwenye kiwanja cha changarawe nyuma ya maghala, wanafungua maboneti na kutazamana injini kama watu wanaotazamana watoto wachanga. Nikaanza kwenda. Mkubwa wao tunamwita Kipenga, ndiye anayeuza mabomba ya kuvutia hewa baridi na ndiye anayeyafunga, na pale mtu ambaye bado ana lile boksi jeusi la filta lililotoka na gari kiwandani hahesabiwi. Mimi waliniita Boksi. "Boksi amekuja, zimeni muziki tumsikie, ah, kumbe hasikiki." Ni utani, nilicheka nao, lakini mtu mzima ukiitwa Boksi kila Jumapili mbele ya watu unafika nyumbani bado unalisikia, na mimi si mtu wa kusikika kazini, si mtu wa kusikika kwangu, nikaona angalau barabarani nisikike.

Kipenga akanifungia bomba la chuma linalong'aa, na mwisho wake filta ya duara iliyo wazi, haina boksi, imekaa tu pembeni ya injini. Na wana desturi yao, wanaiita kulizika boksi. Mtu akifunga bomba jipya, lile boksi la zamani linawekwa chini katikati ya kiwanja, mwenye gari analipanda kwa tairi, mbele na nyuma, na watu wanapiga honi. Nililipanda. Nilisikia plastiki ikipasuka chini yangu na nikafurahi, naandika hili nikiwa naona aibu, nilifurahi kama mtu aliyepandishwa cheo.

Safari iliyofuata ya kliniki nilikata ile kona na gari sasa linavuta hewa kwa kishindo, na ukiachia mafuta linapiga chafya kubwa hata wachomeleaji walinyanyua miwani yao. Baba hakusimama. Nilipoegesha alikuwa ameshika nondo za dirisha. Dada akamwambia mwanao huyo amekuja. Baba akasikiliza injini mpaka nilipoizima, akasema, "Hilo gari lina mafua. La mwanangu halina mafua."

Tumejaribu kila kitu. Tulileta teksi, akasema anasubiri gari la mwanawe. Nilitafuta kwenye simu nikapata video niliyopiga siku moja tukilitoa kuoshwa, ule mluzi unasikika vizuri kabisa, nikamwekea sikioni, akasema nizime redio. Halafu wiki iliyopita dada alisema basi, kidonda kimeanza kunuka, tumbebe. Nikampitishia mikono kwapani, dada akashika miguu, na baba yangu, ambaye hajawahi kupaza sauti hata basi lake lilipokatika breki, akaanza kulia akiita watu, "Mwiteni mwanangu, kuna watu wanataka kunichukua, mwiteni mwanangu," na mimi ndiye nimembeba, mshauri, anaita jina langu kifuani mwangu. Nikamwachia. Dada alinitazama kwa namna ambayo sijaisahau, akasema, "Ulikuwa na kitu kimoja tu cha kutunza," akaingia ndani.

Nikabaki na baba kibarazani. Alishatulia, keshasahau. Akaniona, akaniomba radhi kwa fujo iliyotokea, akaniuliza kama mimi ni wa pale karakana ya mageti. Nikasema ndiyo. Akasema, "Wewe uko pale konani, utamwona kabla yangu. Mwanangu ana gari linapumua taratibu. Akipita mwambie mimi bado nipo hapa hapa." Nikasema nitamwambia.

Sasa swali langu ni hili. Boksi la asili limekuwa vipande, madukani hawana la gari langu, la kuagiza wanasema halijulikani litafika lini. Kipenga ananipa chaguo mbili. Moja ni bomba refu linaloshuka mpaka nyuma ya bampa na kuvuta hewa ya chini kabisa, anasema kelele yake inabaki huko chini. Nyingine ni boksi jipya la kisasa lenye mfuniko, filta inakaa ndani, linavuta hewa ya mbele, anasema hilo linaficha sauti ila injini bado inapata hewa baridi. Tena tangu anifungie hili la kwanza taa ya injini inawaka kwenye dashibodi na yeye anasema ni kawaida. Nichague lipi ili ule mluzi urudi? Dada anataka tumfunge shuka na kumpeleka kwa nguvu, mimi naona tukifanya hivyo tumemuua kabla ya kidonda. Mke wangu anasema nimerukwa na akili kutafuta baba kwenye filta. Labda. Lakini mlango ulikuwa mmoja tu kati yangu na yeye na nimeupanda kwa tairi, na sijui kama kuna mahali unauzwa mwingine.

Ni mimi, Boksi

*

Ndugu yangu,

Sikucheka. Nimeisoma barua yako nikiwa na hasira, na hasira yangu nitaigawa kwa haki: kidogo yako, nyingi ya wale wa kiwanjani. Lakini kabla ya mtu yeyote kugombezwa, tuanze na unyayo wa baba yako, ambao katika barua nzima umeutaja kama mtu anayetaja abiria wa kiti cha nyuma.

Kidonda cha mtu mwenye sukari kikianza kunuka, mjadala wa mabomba umefungwa. Unaniuliza bomba lipi litamfikisha baba kliniki, na wala hujajiuliza kwa nini kliniki isije kwa baba. Leo, ukimaliza kusoma gazeti hili, nenda pale mnapompeleka siku zote, ukamwone muuguzi anayemsafisha. Nenda kwa miguu au nenda na hilo gari lako lenye mafua, hainihusu. Mweleze yote kama ulivyonieleza mimi, mpaka harufu. Wauguzi wanaofuata wagonjwa majumbani wapo, na wanaoweza kumfundisha dada yako kusafisha kidonda wapo. Muulize pia dalili zipi akiziona hataki tena kusikia habari ya hiari ya mgonjwa. Atakutajia: ngozi kuwa nyeusi, homa, wekundu kupanda mguuni. Ukiziona hizo, mtambeba analia, na wewe ndiye utakayekuwa upande wa kichwa. Dada yako hana ukatili. Yeye ndiye anayenusa kile kidonda kila anapofunga bandeji, wewe unakisikia kwa simulizi. Kamwombe radhi, na usiende na maneno matupu: chukua zamu. Siku za kusafisha kidonda uwepo, ushike beseni.

Sasa nije kwenye gari, maana umeuliza swali la watu wazima na utajibiwa kiutu uzima. Bomba refu la nyuma ya bampa likatae. Linavuta hewa ya baridi kweli, na siku ya mvua, kwenye dimbwi la kwanza lenye kina, litavuta maji, na injini haijui kunywa maji. Filta ya wazi uliyofungiwa inavuta joto la injini yenyewe, kwa hiyo hata hiyo hewa baridi uliyoambiwa unainunua hukuipata. Tena kwenye gari la turbo faida ya mabomba haya ni ndogo kuliko kelele zake, kwa sababu kifeni kinaichemsha hewa yote kinapoisukuma, baridi au moto, na inayoipoza ni rejeta ya hewa ambayo inapitia ikishatoka kwenye kifeni. Hili haliko kwenye stika za Kipenga, na huenda stika hizo umezichapa wewe.

Taa ya injini kuwaka si kawaida. Mtu anayekuambia taa ya onyo ni kawaida anakuambia kwamba kukudanganya wewe ni kawaida yake. Bomba la upana tofauti na la asili linaipotosha sensa inayopima hewa, na filta za kupakwa mafuta zikipakwa ovyo zinaichafua sensa hiyo hiyo. Na filta mbovu inapitisha vumbi. Kwa hiyo lipeleke gari kwa fundi mwingine, asiyeuza chochote cha kung'aa, afungue bomba, ashike mhimili wa kile kifeni kwa vidole na autikise. Ukilegea, au akikuta ncha za kifeni zimeliwa, ujue hata boksi la dhahabu halitarudisha mluzi uliokuwepo.

Ukilazimika kuchagua, chagua boksi lenye mfuniko, filta kavu, bomba la upana ule ule wa asili, hewa itoke mbele juu juu, mbali na maji. Lakini kabla ya hapo zunguka kwa wanaovunja magari yaliyopata ajali. Hawa hawana mwanga mwingi wala risiti za kupendeza, ila nyuma ya milima yao ya milango na viti kuna boksi jeusi la gari kama lako, limepasuka sikio moja, linafaa kwa gundi na subira. Lile boksi mlilolicheka lilitengenezwa na watu waliokaa vyumbani miezi wakipunguza makelele, wakachonga vyumba vidogo ndani yake mpaka sauti ikalainika. Nyinyi mkalipanda kwa tairi mkipiga honi.

Na hapo ndipo kwenye hasira yangu. Wanaume wazima, wenye ndevu na ada za shule za kulipa, mnazunguka kwenye changarawe kushangilia plastiki inayopasuka, mnaliita hilo mazishi, na jirani mwenye mtoto mchanga anakatizwa usingizi ili Kipenga apate mteja mwingine. Mtu mwenye duka lake, mke wake na baba anayemngojea kibarazani amewezaje kusadiki kwamba hasikiki? Kuna mzee alikuwa akikusikia kabla hujaonekana. Ulimwengu mzima haumpi mtu zaidi ya hicho, ukaenda kukibadilisha na kelele ya kuwafurahisha watu wanaokuita Boksi. Hata jina umelichukua, umelitia sahihi kwenye barua. Lifute.

Sasa keti, maana nimemaliza kugomba na linalofuata ni gumu zaidi.

Mluzi huenda usirudi. Ukirudi, huenda baba asisimame akiusikia. Ugonjwa uliokula majina ya wajukuu, kisha jina lako, ulikuwa njiani kuelekea kwenye gari pia. Ungefika. Labda mwezi ujao, labda mwakani, ungekata ile kona na boksi lako la kiwandani na mluzi wako safi, na ungemkuta amekaa, anamwambia dada amletee huyu bwana kiti. Kipenga hakukuibia baba. Alikuharakishia siku ambayo hukutaka kuijua, na nadhani sehemu ya machozi yako ni ya siku hiyo, umeyapeleka kwenye filta kwa sababu filta angalau inabadilishika. Mke wako hakukosea sana. Mimi sina cha kukuuzia hapa. Mlango mwingine hauuzwi, na atakayekuambia unauzwa atakutajia bei.

Lakini kuna kitu umekiandika ukakipita. Baba yako alikuomba, wewe wa karakana ya mageti, umfikishie mwanawe ujumbe. Alilia akimwita mwanawe aje amwokoe. Katika akili ambayo haina tena uso wako, wewe ndiye msaada unaongojewa. Ni watoto wangapi wa wazazi wenye fahamu kamili wamewahi kusikia hivyo? Nyinyi wawili mliishi mkizungumza breki na matairi. Sasa mzee anakaa kibarazani na kumweleza mgeni jinsi anavyompenda mwanawe, na mgeni ni wewe, na wewe unaondoka haraka kwenda kutafuta bomba.

Fanya hivi. Egesha gari kabla ya kona, asilisikie, na uende kwa miguu. Ukikaribishwa kiti, kaa. Ukiulizwa kama ni wa karakana, wewe ni wa karakana, usimbishie, usimwambie "ni mimi" mara kumi kama karani anayedai kitambulisho. Muulize habari za huyo mwanawe. Muulize gari lake lilichaguliwaje. Sikiliza mpaka mwisho, hata akirudia, hata akikosea, hata akimsifia mtu usiyemtambua. Muuguzi akiwa ndani anafungua bandeji, wewe shika mkono wa mzee na uendelee kuuliza. Huenda hutaitwa kwa jina lako tena. Hilo utalilia nyumbani kwako, mbele ya mke wako, si pale kibarazani.

Na akikuuliza kama ulimwona mwanawe pale konani, kama ulimpa ujumbe, usimwambie tena kwamba utampa. Mwambie umempa, na kwamba ameshafika.